Hesabu ya Mpiga Dramu

Kazi yangu ilikuwa kuhesabu.
Moja, mbili, moja-mbili-tatu-nne,
kisha Semkiwa alie.

Tulijiita Kidonda Kibichi.
Tulikuwa wanne kwa wanja mmoja, wa mama yake Nyange,
aliyedhani panya wa Ngamiani wameanza kujipamba.
Tulivaa sweta nyeusi zenye kofia, Tanga hii, mwezi wa pili,
jasho likaburura wanja hadi kidevuni
na watu wa Barabara ya Kumi na Tisa wakauliza
nani kafiwa.
Hakuna aliyefiwa. Ndiyo ilikuwa aibu yetu:
huzuni tunayo, msiba hatuna.

Mazoezi stoo ya katani, nyuma ya stesheni.
Nyuzi zilituingia puani, kooni, kwenye matundu ya gitaa.
Mwanamkasi alipiga besi akitazama ukuta;
wakamwona ana maringo,
kumbe mjomba wake hupita dirishani akitoka msikitini.
Wimbo wetu mkubwa ulikuwa na mstari mmoja
ulioandikwa kwa penseli nyuma ya tiketi ya basi:
Thelathini sitaiona.
Semkiwa aliuimba amepiga magoti
na wanafunzi wa Usagara wakashikana mabega wakilia.
Nami nililia, kwa siri, bila kupoteza hesabu.

Tulivunjika harusini.
Chumbageni; bwana harusi alitaka kitu cha kuchezeka.
Nyange akasema tupige, ni laki mbili hizi.
Semkiwa akanyakua kipaza sauti akawaimbia maharusi
kwamba kila kipendwacho huoza.
Bibi harusi akarudisha kijiko kwenye sahani.
Kesho yake Nyange akaiuza ampu kwa kanisa moja la Makorora.
Mwanamkasi alisema neno moja, sitaliandika,
akapanda basi la Mombasa.
Waja leo, waondoka leo: mji wetu unasifika kwa hilo.
Waliobaki hawana methali.

Mimi nilibaki. Nikahesabu mifuko ya saruji Pongwe
miaka kumi na minne, zamu ya usiku,
vidole vikigonga meza ya chakula
mpaka mke wangu avifunike kwa kiganja:
"Wageni wanakula."

Kisha simu. Semkiwa,
sauti imekwaruzika kama aliyemeza stoo nzima.
Hakuomba radhi. Aliuliza kama vijiti bado ninavyo.

Ampu tuliiazima kulekule kanisani.
Imeandikwa kwa rangi nyeupe YESU NI JIBU
na mchungaji alituomba tusiyafunike maandishi.
Mwanamkasi alikuja na miwani ya kusomea
na binti wa miaka tisa asiyeamini lolote.
Nyange, siku hizi fundi wa meno ya bandia,
alileta bahasha: bei ya ampu, ya mwaka ule ule,
imegawanywa mara nne.
Hakuna aliyezihesabu. Hata mimi.

Watu sitini hivi, wengine na watoto waliolala begani.
Tukaufikia ule mstari.
Semkiwa, thelathini na nane, magoti hayakunjiki,
akafungua mdomo, akatugeukia
kama mtu aliyefika mlangoni
na ufunguo wa nyumba aliyokwisha kuhama.
Nikaendelea kupiga. Nne. Nane. Kumi na sita.
Mtu akacheka kule nyuma. Akafuata mwingine,
na ndani ya kicheko wakaanza kuimba wao, Thelathini sitaiona,
wauguzi, makarani wa bandari, fundi friji wa Majani Mapana,
wakipaza sauti kama watu waliofutiwa deni.
Binti wa Mwanamkasi akaziba masikio.

Saa saba usiku nilifunga dramu ndogo kwenye keria ya baiskeli.
Barabara za Ngamiani zina namba.
Kumi na tano. Kumi na sita.
Mnyororo ukashika mapigo.
Kwangu ni Kumi na Nane.
Nilipogutuka nilikuwa ya Ishirini na Moja,
bado natikisa kichwa.