Namba Mia Mbili Kumi na Nne

Nilimsindikiza Nakunda, mke wangu,
hadi Tabata, kwenye ghala lililokuwa la saruji.
Mlangoni tukapewa namba, kama benki:
mia mbili kumi na nne. Keti, mtume atakuita.

Maji ya chupa, elfu moja. Yakishaombewa, elfu kumi.
Madhabahu sikuiona. Niliona moshi wa mashine
na bango la kutumia sadaka kwa simu,
tarakimu zake nene kuliko msalaba.

Mimi nilibatizwa kwa kiganja cha maji ya kisima,
bure, mchungaji akikohoa.
Ibada yetu ina mahali pa kunyamaza;
humu ukinyamaza watadhani spika imeungua.

Nikageuka nimwambie Nakunda, twende zetu.
Alikuwa amepiga magoti kwenye sakafu tupu,
goti lile bovu, la kushoto,
analiita jina la mwanetu
ambalo kanisani kwetu, tangu maziko,
hakuna aliyelitaja tena.

Maji sikununua. Yeye sikumwinua.

Kile kikaratasi cha namba kimo kwenye kitabu changu cha nyimbo,
kinashika ukurasa
wa wimbo tunaouimba Jumapili,
watu tisa.