Tundu la Kushoto

Saa nane na robo. Barabara ya Kumi na Nne imelala,
hata jirani wa pikipiki amezima.
Humu ndani kuna mtu anakuna nazi:
ni pua yako, Hiza.
Khoo. Kimya. Khoo. Kimya.
Hicho kimya ndicho kinachoniamsha, si mkoromo.
Nahesabu moja, mbili, tatu, nne,
mpaka mdomo ufunguke kama wa kinda,
uvute hewa ya chandarua kizima,
nami nipumue.

Huu ni mwezi wa tatu.
Mchana huna ugonjwa. Mchana unamkimbiza paka wa Bi Mwanjaa
hadi kibarazani kwa fundi baiskeli,
unarudi na grisi magotini, unadai andazi.
Watu wananitazama: huyu ndiye mgonjwa wako?
Makamasi yako yanajua saa kuliko mlinzi wa benki,
taa ikizimwa tu, yanaripoti kazini.
Na ukiniita mama usiku, inatoka baba.
Baba yako yuko zamu, kiwanda cha saruji, hasikii.
Naitika kwa niaba.

Mvuke wa mchaichai tumeufukiza,
wawili ndani ya shuka moja kama wezi,
mimi jasho, wewe kicheko.
Maziwa nilikukatiza, nikakurudishia.
Maji ya chumvi, tone tone,
unarusha mateke, nakubana mikono kwa magoti,
naona aibu kama askari.
Na usiku mmoja nilifanya alichonifanyia bibi yako:
niliweka mdomo kwenye pua yako, nikavuta,
nikatema koponi.
Sijamweleza mtu ladha yake.
Ni chumvi tu.

Nesi wa Bombo hakuanza na dawa.
Aliuliza, analalia nini?
Mto.
Mto wa nini?
Nikatazama kalenda ukutani pake.
Wa sufi.

Wa sufi ya Muheza, foronya ya maua ya njano,
alioushona mama yangu mikono ikiwa imeanza kumtetemeka,
mshono mrefu, mfupi, mrefu, mrefu,
akaja nao kwa basi, ameupakata
kana kwamba ndiye mjukuu,
ulipotimiza siku arobaini.
Jino lako la kwanza hakuliona.
Sufi ina vumbi lake, alisema nesi, akiandika,
huwezi kuifua, mama. Uondoe. Kichwa kikae juu kidogo.
Alisema *uondoe* kama mtu anayesema funga mlango.

Basi leo nimeuondoa.
Uko juu ya kabati, ndani ya mfuko wa unga,
nimeufunga fundo mbili, nisije nikaunusa.
Umelia. Ulivyolia ndivyo pua ilivyozidi kuziba,
ndiyo hesabu ya ugonjwa huu:
dawa inaliza, kilio kinaziba.
*Bto wa bibi,* umesema. *Bto wa bibi.*
M zote zimekwama humo ndani.

Foronya nimeifua kwa maji ya moto mara mbili,
nimeianika juani hadi ikakakamaa,
na usiku huu nimeivika mkono wangu wa kulia,
kuanzia bega hadi vidole,
kama bwana harusi wa ajabu.
Umeipapasa. Umetafuta ule mshono mrefu kwa kidole gumba,
ukaupata.
Ukalala.

Saa tisa. Mkono umekufa ganzi.
Mbu mmoja ameingia nasi, ananiimbia, simpigi.
Khoo. Kimya. Moja, mbili —
hewa.
Nainamisha sikio: tundu la kulia bado ukuta,
la kushoto linapiga mluzi mwembamba,
kama birika inayofikiria kuchemka.

Saa kumi na moja kunguru wameanza fujo zao za paa.
Umegeuka, macho yamefumba, umeniita.
Haikuwa mama kamili.
Wala haikuwa baba.
Nimeitika hivyo hivyo.