Lumbesa

Waliniambia nivue kila chenye chuma.
Mkanda ukatoka, na ufunguo wa stoo,
na sarafu za nauli ya kurudi Uyole,
na ile sindano ndefu ya kushonea magunia
niliyoisahau kwenye ukosi wa koti
tangu msimu wa viazi vya Isyonje.
"Hii," alisema dada wa mashine, akiishika kwa ncha,
"ingekutangulia kuingia humo."

Nikalala chali. Baridi ya Juni
ikanifuata hadi mezani.
"Usitikisike, Ambakisye. Hata kidogo."
Mimi, niliyelipwa miaka kumi na tisa
kwa kutosimama.

Kisha sumaku ikaanza:
gongo, gongo. Kimya. Krr-krr-krr. Kimya.
Kama kinu cha Mwasomola kimemeza jiwe
na hakitaki kulitema.
Nikahesabu magunia ili nisihesabu dakika.
Nilifika la mia tatu na arobaini,
yote lumbesa, yote na kile kilemba cha viazi
juu ya mdomo, kimefungwa kwa wavu,
ambacho mnunuzi hakilipii
ila mgongo hulipa.

Miezi minane maumivu yalikuwa yakishuka kiunoni,
yakipita nyuma ya paja kama maji ya mfereji,
yakiishia kidole kidogo cha mguu wa kushoto.
Wengine walisema figo. Wengine, ngiri.
Shangazi alisema: kuna mtu.
Na mtu huyo nilimpata upesi,
maana mwenye kuumwa hakosi jina.
Gwakisa, shemeji yangu. Tuligombea mpaka,
hatua nne za shamba.
Nikaacha kuitikia salamu yake.
Alipozika mtoto, sikwenda.

Daktari akaiwasha picha.
Sikuwahi kuuona mgongo wangu;
huuona wengine, nikiondoka.
Pingili zimepangwa kama matuta ya mlimani,
na kati ya tuta na tuta, kimto laini.
"Hapa, ya nne na ya tano," akagusa kwa kalamu,
"kimechomoza. Kinakandamiza mshipa wa fahamu."
Nilijua kabla hajamaliza.
Gunia limejazwa kupita kiasi,
uzi umekatika upande mmoja,
yaliyomo yanachungulia.

"Kisu?" nikauliza.
"Bado. Dawa, na mazoezi kwanza.
Mzigo, hapana."
Hapana. Kinywani mwake lilikuwa neno jepesi.

Sikupitia nyumbani.
Nilichechemea hadi kwa Gwakisa, bahasha kwapani.
Alikuwa akichambua mbegu za viazi, hakusimama.
Nikamnyooshea picha, maneno yote yamenipotea.
Akafuta mikono kwenye suruali, akaiinua juani,
akaigeuza juu chini,
akaipekua kona kwa kona, polepole,
kama mtu anayetafuta jina lake
kwenye karatasi ya ukutani.

"Na mimi," akasema, "niko wapi humu?"