Kaptura Mbili za Emase

Kibanda changu kimeipa forodha mgongo.
Cherehani ni kuukuu, hukohoa ikifika kwenye mshono mnene,
lakini inajua nchi mbili:
kijivu ni cha huku Busia, waridi ni la Busia ya ng'ambo.
Januari huku hufungua, nashona kijivu hadi macho yawashe.
Februari kule hufungua, nabadilisha uzi,
na mwaka wa mtoto unasogea mwezi mzima
kwa mtaro ambao mbuzi huuruka bila pasipoti.

Huku wamezika darasa la nane, wakazaa gredi;
mzazi anadaiwa kadibodi, gundi,
na picha ya mwanawe akifagia uwanja.
Kule darasa la saba lingali kizingiti,
na fagio mtoto huenda nazo mwenyewe, mbili,
pamoja na karatasi za chooni.
Dereva wa lori la Kigali, nikimtilia zipu,
aliniambia kwao mwanawe alilala na Kifaransa
akaamkia Kiingereza, mwalimu yuleyule, ubao uleule.
Wapi wanajua zaidi? Mimi najua viuno.
Cha huku, miaka kumi, inchi ishirini na tatu.
Cha kule, ishirini na tatu.

Emase alikuja mwezi wa tatu, muhula umeshakolea.
"Nishonee zote mbili, Mama Taaka."
"Una pacha?"
Akacheka, jino la mbele limemeguka pembe,
akalipa kwa noti za serikali mbili, zote zikinuka mafuta ya kupikia.
Nikashona. Nilikuwa na deni la kodi,
na fundi haulizi nguo inakwenda wapi.

Naibu wa chifu, Bwana Odwori, hupita na daftari.
Sheria, husema, haina mzaha: kila mtoto darasani,
la sivyo mzazi ataeleza mbele ya hakimu.
Akamkuta Emase kando ya malori, amevaa waridi.
"Mimi nasoma ng'ambo. Leo tumefunga."
Odwori akaandika: anasoma ng'ambo. Akafunika kalamu.
Na kule, nasikia, wakimsimamisha
huwa ameshabadilisha ndani ya mtama, yumo katika kijivu:
"Mimi wa Kenya, afande. Kwetu ni likizo."
Serikali mbili, kila moja imeridhika
kwamba mwenzake ndiye aliyemshika mkono.

Juni akaleta shati litiwe kiraka.
Sasa sikiliza, hii ndiyo kazi yangu:
shati la mwanafunzi huchakaa viwikoni, kwa dawati;
kaptura yake hung'aa matakoni, kwa benchi;
mfuko wa kifua hauachi kuwa na doa la wino.
La Emase lilikuwa limeliwa begani. La kulia.
Viwiko vipya kama siku nilipovipiga pasi.
Begani ndiko gunia la sukari hukaa.

Nikampa risiti atie jina.
Akachora E, meno yake yakitazama nyuma,
akaishia hapo.
Lakini nilipomtajia bei aliigeuza kuwa ya ng'ambo,
akairudisha ya huku, akadai punguzo,
kabla mguu wangu haujashuka kwenye kanyagio.
Nani alimfundisha? Sikuuliza.
Nilitia kiraka cha mara mbili, kinachohimili uzito,
na usiku nikajichukia kwa jinsi kilivyokaa vizuri.

Jana Odwori amesimama mlangoni, daftari wazi.
"Yule mtoto wa muuza dagaa. Wewe ndiwe unayemvisha.
Anasoma upande gani?"
Nilikuwa na pini mdomoni, nne.
Nikazitoa moja moja, nikazichoma kwenye kimto.
Ya nne ingali ulimini
nilikuwa naihesabu faini ya mama yake
kwa shilingi za huku, kisha kwa za kule.