Zamu ya Nyota

Bahla mji wa udongo,
kuta zapinda mgongo,
sina haja ya uongo:
majini ndio jirani.

Maji twapima kwa nyota;
nyota yako ikipita,
hata ulie kwa vita,
tone huoni shambani.

Huko Maskati, habari
ni manowari, bahari,
Wangereza na hariri;
kwetu, vita ni majini.

Babangu kafa mapema,
kaacha deni la nyuma
na mitende inahema,
ndimi nje, kiangazini.

Mnada wa Ijumaa
wa maji, ndipo balaa:
Musabahi anakaa
mbele, kidole hewani.

Nasema reale tatu,
asema nne, na watu
hucheka. Na mimi katu
siyashushi macho chini.

Kaniita "Bi Kiburi",
nami "Shehe wa Jeuri";
twatukanana vizuri
kwa lugha ya vitabuni.

Nyumba yake ni ya kale,
mlango una mishale
ya vita vya enzi zile,
bundi yuko dirishani.

Ghorofani kwake taa
usiku kucha hung'aa;
watu wanena: "Kazaa
na jini; mwana yu ndani."

Tena mzuka wa sanda
mferejini hupanda,
hata mbwa hujipinda,
mikia i matumboni.

Na ajabu, shamba langu,
bila kuongeza fungu,
likanawiri, wenzangu,
tende tele mashingoni!

Watu watasema wazi:
"Binti Mhana ni mwizi!"
Nikaazimia kazi:
kukesha mferejini.

Nilichukua jambia
ya baba, nikajitia
ushujaa; naapia,
magoti hayamo ndani.

Mwezi ulikuwa kombe
lililovunjika pembe,
upepo mkali, wembe,
watoka makaburini.

Sanda hiyoo! Ikaja
polepole, ikangoja,
ikapima nyota moja,
kisha ikashika chini

jiwe la kuziba maji,
ikalivuta; falaji
ikaingia (mpaji
hasemi neno) shambani.

Nikamshika ukosi:
"U jini ama jasusi?"
Akasema, bila kasi:
"Ni shingo yangu, jamani."

Sauti ya Musabahi!
Hasira ikaniwahi:
"Huna haya, husitahi,
sadaka wanipa, kwani?"

"Si sadaka, ni uchoyo.
Mitende ikifa hiyo
utahama; huu moyo
utashindana na nani?"

"Na taa?" "Nahesabia
nyota zako, nangojea."
"Na sanda?" "Wakikimbia,
nani atanibaini?"

Aliniita Shinuna,
tupu, pasi na hiana,
na jina likawa jina
jipya, tamu sikioni.

Nikatafuta lawama,
ulimini ikakwama,
barakoa ikahema,
maji yapo vifundoni.

Ijumaa ikafika,
nne nikazitamka;
"Tano," kasema, acheka;
nikampiga sitini.

Mahari siyo bangili
wala fedha; ni kauli
ya kadhi, ya nyota mbili
za maji, karatasini.

Bado wapo wanaapa
mzuka hupita hapa:
"Ni wawili!" Tunakwepa,
tukicheka mashukani.