Zaidi ya

Kong Ridahun hakulipenda neno "takriban".
Alisema ni neno la watu waliochelewa kuamka.
Saa mbili na nusu kila asubuhi,
amejifunika knup, ule mgongo wa kobe wa mianzi na majani,
alishuka ngazi kumi na tisa za mawe
hadi kwenye kopo la shaba lililozikwa nusu ardhini,
akamimina mvua ya jana kwenye mrija wa kioo,
akachuchumaa mpaka jicho likawa sawa na maji,
akasoma pale katikati, palipobonyea,
si pembeni, ambako maji hupanda ukuta
na kujisingizia urefu.
"Maji nayo yana majivuno," aliniambia.
Nilikuwa na miaka kumi. Nilishika kalamu.

Kwetu milima ya Khasi binti wa mwisho hurithi nyumba.
Mimi ni wa pili kati ya watano.
Nilirithi daftari.

Usiku ule wa Juni!
Haba na haba, husema watu, hujaza kibaba;
hawakusema ufanyeje kibaba kikijaa saa tano,
kikajaa tena saa saba,
kikajaa kabla wino haujakauka.
Bati juu yetu liliacha kutoa sauti ya mvua,
likawa ngurumo moja, treni isiyokwisha kupita
katika milima isiyo na reli.
Kumimina, kusoma, kuandika.
Kumimina, kusoma.
Saa tisa alinituma nikalale.
Saa kumi usingizi ukamwiba yeye, amekaa, taa mapajani.
Dakika arobaini.

Tulilikuta kopo limefurika,
linatema kama mtu mwenye mengi ya kusema na mdomo mmoja.
Yakimwagika hayazoleki:
jana ilikuwa methali, asubuhi ile ikawa hesabu.

Angeweza kukisia. Nani angejua?
Aliandika jumla ya yale aliyoyaona kwa macho yake,
na mbele yake, kwa wino uleule, maneno mawili:
zaidi ya.

Makao makuu wakajibu kwa barua: Tupe namba. "Zaidi ya" si namba.
Naye akajibu: Ndiyo maana nimeiandika kwa maneno.

Miaka ishirini na sita baadaye, mjini Pune,
naisomesha mashine mvua ya karne nzima,
na hapo, katikati ya Juni, nakuta hasi tisa tisa tisa,
alama yetu ya "hakuna kitu".
Mvua kubwa kuliko zote nilizowahi kuzisikia
imehifadhiwa kama ukimya,
na mashine, tiifu, imeuamini.

Nikampigia Jobeda, kule Hatiya, mdomoni mwa Meghna,
ambako maji yetu huishia.
Je, wiki ile, nguzo ya bahari ilisoma ngapi?
Nikasikia kurasa. Nikasikia kuku.
"Alisoma baba," akasema. "Siku ya nne ameandika:
*Nguzo haionekani.* Basi."
Kisha akacheka kidogo.
"Siku hizi tuna nguzo ya tatu.
Ya kwanza iko chini kabisa. Wanaisoma samaki."

Vijana wanaotafuta kazi huniuliza fani hii inahitaji nini.
Hisabati, nawaambia. Fizikia.
Na magoti.

Ninad, mwenzangu wa meza ya pili, alisema safu haikubali maneno.
Nikaongeza safu.
Ilinichukua siku tatu na ugomvi mmoja.

Jioni nilimpigia Kong. Ana miaka themanini na moja,
bado hushuka ngazi, ingawa kando ya kopo lake
wamesimika mtambo unaojisomea wenyewe.
Nikamwambia siku yake imerudi kitabuni.
Akanyamaza. Mvua ilikuwa ikinyesha upande wake,
niliisikia.
"Na zile dakika arobaini?"
"Bado hazijulikani."
"Vizuri," akasema. "Ziache hivyo."