Kuchambua

Mama, jana umeniuliza tena kazi yangu hasa ni nini.
Nachambua. Kama wewe.

Lile pipa la kijani la kambini,
alilolibingirisha Koplo Machano mpaka mlangoni pa zahanati
akisema, "Haya ni ya magari ya vita, msiyamwage,"
ukilitazama kwa jicho langu ni shamba zima la Daya:
kaboni ndiyo konyo, refu, limepinda,
limeshikwa na haidrojeni pande zote, vichwa vidogo vidogo.
Kazi ni kuvinyofoa.
Wewe ulitumia kiganja na kidole gumba,
mkekani, chini ya karabai, hadi kucha zikawa nyeusi.
Mimi natumia mvuke
na joto la nyuzi mia nane.

Lakini kwanza kitoke kiberiti.
Si kile cha jikoni; hiki hujificha ndani ya dizeli
kama mgeni anayekula kwako na kukusengenya.
Mfunguo Nne kilituponyoka.
Kichocheo kikala sumu, kikafa kimya,
zahanati ikanuka yai viza,
na chanjo zikahamishwa usiku kwa baiskeli hadi Wete.
Nililia. Hilo sikukwambia.

Fundi Mcha, aliyezeeka na majenereta ya Wesha,
hajaizoea mashine isiyonguruma.
Kila saa huweka kiganja juu ya boksi
kama anayempima mtoto homa.
"Inapumua?"
Inapumua. Taa ya chumba cha kuzalia haijapepesa tangu Isha.

Sitakudanganya: makonyo hayapotei.
Masizi hakuna, lakini kaboni inatokea juu ya bati,
haina rangi, inakwenda zake mawinguni kama zamani.
Tumepata tu pipa moja
lifanye kazi ya karibu mawili.
Makonyo yenu angalau yalikwenda kiwandani, yakakamuliwa.
Ya kwetu bado hatujui tuyapeleke wapi.

Na chini, kwenye kibomba, maji yanadondoka.
Nilikukingia kikombe. Ukaonja, ukakunja uso:
"Mbona hayana ladha? Haya hayajapita mwambani."
Hayajapita, mama. Yana umri wa dakika tano.
Ukakizungusha kikombe, ukayanusa mafuta usiyaone,
ukauliza kama yanafaa kutawadhia.
Nikasema nitamuuliza mwalimu wa chuoni.

Hukungoja.
Ulikwisha kunja mikono ya gauni.